Mistari Minne ya Chai

Niliinusa hasara kabla sijaiona. Tulikuwa tumejibanza jikoni, mama na mimi, mvua ya mawe ikipiga bati kwa kishindo hata tukaacha kusemezana, na ilipokatika ghafla harufu ikaingia mlangoni: harufu ya majani mabichi yaliyopondwa, kali na yenye utamu kidogo, ile inayobaki mikononi baada ya kuchuma chai kutwa nzima. Sasa ilikuwa imejaa hewani hadi barabarani. Nilitoka mbio kwa miguu mitupu nikicheka, kwa maana nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na barafu haionekani Kebirigo kila siku. Nikajaza mkono, nikala. Ndipo nikainua macho nikaona shamba. Mistari yetu kumi na mmoja ya chai, iliyokuwa imelingana juu kama meza asubuhi ile, ilikuwa imebaki vijiti. Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Alisema neno moja tu, "Nyasae," ndilo jina la Mungu kwa Kigusii, na alilisema kwa sauti ya mtu anayemwita jirani aliye upande wa pili wa ua.

Mimi ndimi Moraa, na mama anaitwa Mama Moraa hadi leo. Baba alikuwa ametuacha mwaka mmoja kabla ya mvua hiyo. Alizikwa chini ya migomba, hatua chache kutoka mstari wa kwanza wa chai. Tulikuwa Wasabato, tena wa ile aina ya mama, ambao hata majani ya chai hawayanywi kwa sababu ya mafundisho ya kanisa kuhusu mwili. Wageni walilistaajabia sana jambo hili. Tulilima chai, tukavaa chai, tukasoma kwa chai, lakini katika vikombe vyetu mlikuwa na uji wa wimbi au maji ya mchaichai. Nilipolalamika, mama alisema shamba ni la kazi na tumbo ni la Mungu, na hapo mjadala ukawa umefungwa.

Siku ya tatu baada ya mvua alikuja Baba Mdogo, ndugu yake baba, ambaye kanisani alionekana wakati wa mazishi tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka, na nikisema ukweli, kwa haraka nilifanana naye kuliko nilivyofanana na mama. Alizunguka shamba akivunja vijiti na kuvinusa. Kisha akasema kwamba chai iliyopigwa hivyo huenda isirudi, kwamba shamba ni la ukoo, na kwamba yeye alikuwa na mpango wa kupanda mikaratusi. Ikifika Krismasi bila mstari kuwa na majani ya kuchuma, mstari huo angeung'oa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, akimwita kwa jina la binti yake, "Ngoja tu, Baba Nyaboke. Mungu hajasahau hii chai." Baba Mdogo akajibu kwamba yeye pia hakuwa amesahau, na ndiyo maana alikuwa amekuja.

Basi tukaanza kungoja, na sijawahi kuona kazi iliyonichosha kama ile. Mama alichukua panga akapogoa matawi yaliyochubuka, shina moja baada ya jingine, kwa muda wa wiki mbili. Tulikula ugali na mboga za managu, tukala ndizi, tukala ndizi tena. Kila alfajiri mama alisimama katikati ya mistari, leso kichwani, akaomba kwa sauti ya juu hata wanafunzi waliokuwa wakipita kwenda shule wakamsikia. Nilitamani ardhi inimeze. Niliporudi jioni nilimkuta ameinama akitazama mashina ambayo, kwa macho yangu, hayakuwa na kitu cha kutazamwa. Mimi nami niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa ya mapatano. Nilimwambia Mungu kwamba chai ikirudi kabla ya Novemba nitaacha kumjibu mama vibaya. Novemba ikafika. Mimi na Mungu tukawa hatusemezani kwa siku kadhaa.

Hatimaye machipukizi yakatoka, madogo, ya rangi ya shaba, yakang'aa asubuhi. Nilikimbia jikoni kuchukua kikapu. Mama akanishika bega. Alikuwa na ufito mnyoofu aliourithi kwa baba, akaulaza juu ya shina akanionyesha: chipukizi linalopita juu ya ufito ndilo linalovunjwa, lililo chini yake haliguswi hata kidogo. Shina lililopogolewa likichumwa mapema, alisema, linatumia nguvu zake za mwisho kujaribu tena, na likishindwa linadumaa. Siku ile hakuna chipukizi lililoufikia ufito. "Wiki nne," akasema, "labda tano." Nilihesabu kwa vidole, na wiki tano zilitufikisha kwenye Krismasi yenyewe.

Alhamisi moja Baba Mdogo akapita na toroli iliyojaa miche ya mikaratusi aliyoitoa Keroka. Akaipanga kando ya ua wetu, kivulini, akainyunyizia maji kwa uangalifu, akamsalimu mama kwa heshima zote, akaenda zake. Miche ile iliniudhi kuliko matusi. Usiku ule na siku iliyofuata sikuwaza kingine. Kituo cha kupokelea majani chai kilifunguliwa Jumanne na Jumamosi. Sisi Wasabato tulipeleka Jumanne, majirani zetu Wakatoliki siku zote mbili. Nilijiambia kwamba Baba Mdogo akisikia majani ya Mama Moraa yamepokelewa, ataikusanya miche yake na kuondoka nayo. Na siku niliyoweza kuchuma bila kuzuiwa ilikuwa moja tu.

Jumamosi asubuhi nilisema tumbo linaniuma. Mama aliniwekea uji karibu, akanigusa paji la uso, akaenda kanisani na Maandiko yake kwapani. Nilisubiri hadi nikasikia nyimbo kutoka ng'ambo ya bonde, kisha nikatoka na kikapu. Nisidanganye kwamba niliona uchungu. Niliona raha. Jua lilikuwa la upole, vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na kila chipukizi nililovunja lilinipa furaha ya mtu anayefanya jambo hatimaye. Ufito niliuacha ukutani. Nilichuma kila kilichokuwa kimechomoza, kirefu kwa kifupi, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kikapu hakikujaa, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Karani wa kituo alitoka upande wa ziwani na hakujua Kigusii, kwa hiyo pale tulisema naye Kiswahili. Alikuwa mtu mwenye kucheka ovyo, aliyemjua kila mtu kwa majani yake. Alitia mkono kikapuni mwangu, akautoa, akayatazama majani, akanitazama mimi.

"Wewe si ni wa Mama Moraa?" akauliza. "Leo si ni Sabato yenu?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakageuka kunitazama.

"Mama anajua umeleta hii majani?" Kisha akashusha sauti, na upole wake ndio ulioniumiza. "Hii bado ni watoto, msichana. Siwezi pokea. Rudisha kwa mama, mwambie nimemsalimia."

Nilirudi na mzigo ule mgongoni. Majani mabichi yakibanwa kikapuni hupata joto, na nilihisi joto lile likipenya nguo hadi kwenye ngozi. Penye njia panda nikakutana na mama akitoka kanisani pamoja na wenzake, wote wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Aliangalia kikapu. Akawaaga wenzake kwa utulivu, mmoja mmoja, akakichukua kutoka mgongoni mwangu, akakibeba mwenyewe hadi nyumbani. Alinipakulia chakula, nikala bila kuonja. Alikaa kibarazani mchana kutwa, nami nikakaa naye, nikingoja adhabu, na jua siku ile halikutaka kushuka. Nililia, nikanyamaza, nikalia tena. Magharibi alianzisha wimbo wa kufunga Sabato, nikauimba naye kwa pua iliyoziba, akaomba, akasema amina. Ndipo akasimama, akachukua ufito ukutani, tukashuka shambani kukiwa bado na mwanga.

Aliulaza juu ya shina moja, kisha jingine. Hapakuwa na kitu cha kupima.

"Ulikuwa unamsaidia nani?" akaniuliza.

"Wewe, Mama. Nilitaka Baba Mdogo aone."

"Mimi sikuomba Baba Mdogo aone." Aliuondoa ufito shinani. "Moraa, Sabato yangu naishika mimi. Siwezi kukushikia ya kwako. Ukitaka kuiacha, siku moja utakuwa mkubwa na utaiacha. Lakini usiniambie umeivunja kwa ajili yangu."

Hakunipiga. Ningependelea anipige, kwa maana kipigo kina mwisho. Maneno yale nilikwenda nayo shuleni, nikarudi nayo, nikalala nayo. Hadi siku ile nilikuwa Msabato kama nilivyokuwa binti wa Kebirigo, kwa kuzaliwa tu. Kwa mara ya kwanza nilimwambia Mungu kitu kisichokuwa mapatano. Nilimwambia ninaona haya, na kwamba sijui kungoja, anifundishe.

Wiki zile za kungoja zikapita. Mistari saba ikaupita ufito, majani mawili na kichipukizi, mawili na kichipukizi, mabichi na laini. Jumanne tulichuma, karani akapokea huku akicheka kwa sauti. Mistari minne ya kwanza, ile iliyokuwa karibu na kaburi la baba, ilibaki na vijani vigumu vya kahawia visivyokua. Siku moja kabla ya Krismasi Baba Mdogo alifika na jembe begani. Alitembea shamba zima. Kwenye mistari saba alitikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Kisha akarudi juu, akasimama kwenye ile minne.

"Na hii? Mvua ni moja. Nani amefanya hii?"

Nilimwona mama akifungua kinywa, na nilijua anakwenda kusema kwamba kosa ni la mzazi. Nikamtangulia. "Ni mimi, Baba Mdogo. Nilichuma mapema. Nilichuma siku ya Sabato, na Mama hakujua." Sauti yangu ilitoka nyembamba. Tangu nizaliwe sikuwa nimemjibu mwanamume wa nyumba ile nikimtazama usoni.

Baba Mdogo alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunionea huruma bila kuvunja neno lake, na hakuiona. "Hii saba nimeona kwa macho yangu, sitaigusa," akamwambia mama. "Hii minne tulikubaliana." Mama akasema, "Ndiyo, tulikubaliana," akaingia ndani kumletea maji ya kunywa. Nilikaa penye migomba nikasikiliza jembe likiing'oa chai ya baba, mizizi ikikatika mmoja mmoja. Mistari saba iliyobaki ikatulisha na kunisomesha hadi chuo cha ualimu. Baba Mdogo hakuisema tena habari ya shamba, na alipougua miaka mingi baadaye, mama ndiye aliyempelekea uji.

Leo mikaratusi ile ni mirefu kuliko mnara wa kanisa, na kivuli chake huangukia chai kila asubuhi. Watoto wa siku hizi hawawezi kuamini kwamba palikuwa na chai pale. Mimi ni mwalimu, ingawa serikali bado haijaniajiri. Mwaka wa saba huu nafundisha shule ya binafsi mjini Keroka, kwa mshahara unaokuja unapotaka. Mapema mwaka huu mtu mmoja anayejuana na wakubwa aliniambia jina langu linaweza kuingia kwenye orodha nikimpa kitu, nimjibu kabla ya wiki kwisha. Sikumjibu. Nilipanda nyumbani Kebirigo, nikamkuta mama akichambua managu, na badala ya kumweleza shida yangu nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: alijuaje kwamba ile chai ingerudi.

Mama alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Nani alikuambia nilijua?" akasema. "Nilikuwa naogopa, Moraa. Kila asubuhi. Niliomba kwa sauti ili nisiusikie moyo wangu."

"Na kama isingerudi?"

Aliuinua tena ungo. "Tungelia. Halafu ingefika Ijumaa, tungepika mapema, tungefungua Sabato."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimedhani mama alipewa utulivu ambao mimi nilinyimwa, na kwamba mwenye imani haogopi. Nilikasirika kidogo, nikiri, kwamba hakuniambia mapema. Kisha nikaona nimepumua. Kabla ya kulala nilimpigia yule mtu nikamwambia sitampa chochote. Akasema nitazeeka nikingoja, na huenda anasema kweli. Orodha mpya ilitoka mwezi uliopita. Niliisoma mara mbili kwenye simu, nimesimama nje ya darasa, jina langu halimo. Niliingia chumbani kwangu nikalia hadi nikachoka. Ilikuwa Ijumaa. Nikaosha uso, nikawasha jiko, nikaanza kupika, maana jua lilikuwa limeanza kushuka.