Balozi Aliyechaguliwa na Foleni ya Sukari

Da Zuhura amefariki. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na bado haijaniingia akilini. Zuhura tumemzika jana, na Sefu yupo, anakula ubwabwa wa msiba. Mungu ana mipango yake, siiingilii.

Kwa mliozaliwa juzi: enzi za Ujamaa kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao. Chemba ikifurika, ukigombana na mwenye nyumba, unaanza kwa balozi, naye ndiye anayekwenda ofisini kukusemea. Halipwi hata kibaba cha unga. Leo mngemwita "community leader" na per diem mngempa.

Sefu alikuwa karani wa ofisi fulani. Kaunda suti, kalamu zimejaa mfukoni, na sijawahi kuona hata moja ikiandika. Sisi wapangaji tuliotoka Masasi na Newala alituita watu wa kuja. Aliutaka ubalozi ili atuondoe mtaani, na alilisema hilo barazani kwetu, akinywa kahawa yetu.

Siku ya kuchagua watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Sefu, kwa akili zake, akataka tukutane mbele ya duka la ushirika ili watu wengi wamwone. Zuhura, mgombea mwenzake, akaja na kikapu mkononi, maana alikuwa anatoka sokoni, akasimama upande wa pili.

Sasa mwaka ule sukari ilikuwa imeadimika, na mtu wa Kariakoo akiona mstari mbele ya duka la ushirika anapanga kwanza, anauliza baadaye. Wakauona mstari wenye kikapu mbele. Wakajaa, mpaka waliokuwa wanapita kwenda Mchikichini. Msimamizi akahesabu vichwa, akatangaza Zuhura ameshinda, na mama mmoja kule nyuma akauliza, "Kwani mtu mmoja anapata kilo ngapi?"

Sefu alilalamika kwa kila mwenye masikio. Mtu mzima ameshindwa na kikapu, unamsaidiaje?

Kisha ukaja msako wa wasio na kazi. Lori linapita mtaani, ukikutwa huna kazi unapandishwa, unapelekwa kijijini ukalime. Mimi nilikuwa natengeneza majiko ya mafuta ya taa barazani, kazi isiyo na kitambulisho. Mke wangu yuko chumbani, ana mimba ya Asha, hana ndugu mjini. Sefu akawaleta mgambo mwenyewe mpaka mlangoni, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Mzururaji."

Zuhura akatoka uani, mikono imejaa unga.

"Huyu ana kazi. Ananisaidia ubalozi."

"Analipwa na nani?" mgambo akauliza.

"Na huyo huyo anayenilipa mimi."

"Wewe mama si hulipwi?"

"Basi na yeye halipwi. Kama kazi ya bure si kazi, tupandishe wote wawili, halafu mkaeleze huko mbele kwamba mmekamata balozi." Akaweka mguu kwenye ngazi ya lori, kweli kabisa.

Yule mgambo akamtazama Sefu kama unavyomtazama mtu aliyekuuzia samaki wa juzi. Lori likaondoka bila mimi. Asha alizaliwa hapa hapa, na baba yake akiwepo.

Sasa jana mmempa Sefu kipaza sauti. "Mimi na marehemu tumeujenga mtaa huu." Umejenga nini, Sefu? Wewe ulijenga fitina, na hata hiyo haikusimama. Akashika jeneza mpaka picha ilipopigwa, kisha kiuno kikamuuma.

Lakini ungeona, Da Zuhura. Tulipokatiza Kariakoo, wauza mitumba waliacha meza zao, wabeba mizigo wakatua magunia, wakakupokea begani kwa zamu, kama watu wetu wanavyofanya jeneza likipita. Kijana mmoja mbele yangu alikuwa ameshaingiza bega ndipo akageuka, "Mzee, kwani ni nani?"

Nikamwambia, "Balozi wangu."

Hakuachia mpaka makaburini.

Pumzika sasa, dada yangu. Hata jana walipanga kwanza, wakauliza baadaye.