Hakuna Kutoka na Bakuli

KIJANI! Jamani, utepe umesoma kijani! Nimepiga kelele mpaka darasa zima limegeuka, na Shangazi kacheka mpaka kapaliwa.

Ngoja, nimeanzia mwisho.

Shangazi yangu ni mpishi wa shule. Vita vilipofika mjini, masomo yakasimama, madarasa yakajaa familia zilizokimbia. Wauguzi wakamfundisha kazi mpya: kumzungushia mama mjamzito utepe kwenye mkono, juu ya kiwiko. Nyekundu, hali mbaya. Njano, bado bado. Kijani, shwari. Aliyekonda anapewa unga wa lishe akajipikie uji.

Sasa kuna fundi cherehani anakaa darasa la tatu, mimba ya miezi sita. Nyekundu. Baada ya wiki mbili, nyekundu ile ile! Muuguzi akasema akijifungua hivyo, yeye na mtoto wote hatarini.

"Unga unakula?" Shangazi akamuuliza.

"Nakula, dada."

"Mbona mkono kama mwiko wangu?"

Fundi akacheka, halafu machozi hayo. Kumbe uji wote ni wa wanawe wawili, yeye analamba sufuria.

Nikajua atafokewa. Wapi! Shangazi akasema, "Kosa langu. Nimempa mama chakula akale mbele ya watoto wenye njaa. Nilitegemea nini?"

Akawasumbua wasimamizi wa msaada mpaka watoto nao wakapata fungu lao. Akatoa sufuria kubwa ya shule, akapika mwenyewe. Watoto kwanza, wakishiba nje wakacheze. Halafu kina mama kwenye madawati, mbele ya macho yake, na hakuna kutoka na bakuli.

Siku ya kwanza tu, Fundi kaficha kikombe chini ya mtandio.

"We! Hicho kikombe nacho kina mimba?"

Watu mbavu hawana.

"Dada, ni cha mwanangu yule mdogo..."

"Yule kashiba, yuko nje anakimbiza mpira. Mwenye njaa yuko humo tumboni, na hana kikombe. Kula, mdogo wangu."

Akala. Akala kila siku, wiki sita. Kuna siku milio ya risasi ilikuwa karibu tukalala chini wote, uji ukaungua. Tulipoinuka Shangazi akajipangusa vumbi, akabandika mwingine.

Ndiyo leo asubuhi, kijani! Fundi akaunyakua utepe. "Na wewe dada, lete mkono."

"Mimi? Mimi mpishi!"

Njano.

Kumbe mpishi wetu anakula mabaki, yakiwepo. Fundi akamvutia dawati, akamwekea bakuli, akakunja mikono kama Shangazi kabisa. "Kaa. Hakuna kutoka na bakuli."

Na Shangazi wangu, asiyeambiwa kitu na mtu, akakaa akala. Sijawahi kujivunia watu wawili kwa mpigo hivi!

Tafadhali mtumie mwenzako hii, hasa kama kwao kuna mama anayekula wa mwisho.