Mguu Uliokosa Damu

Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba yangu hapa Heru Juu ni ya tofali za kuchoma na bati, na nimeijenga kwa miguu. Nilisukuma baiskeli yenye magunia ya maharage kutoka Murungu, kule Kibondo, mpaka Kasulu, milima yote ile, nikilala njiani. Kwa hiyo mwaka 2013, mguu wa kulia ulipoanza kunikamata, niliona ni dharau. Nikitembea kidogo, kigimbi kinakaza kama kimefungwa waya. Nikisimama, kinaachia.

Mdogo wa mke wangu akanitania. "Shemeji, siku hizi unasimama kila nyumba. Unaomba kura?"

"Nakagua nani kalima vibaya. Kwako nimesimama sana."

Baadaye vidole vikawa baridi, vikageuka rangi. Kwetu mguu wa namna hiyo tunasema una damu chafu iliyoganda, itolewe. Nikamwita mpiga chuku, mzee wa rika langu. Akachanja kigimbi kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe, akavuta hewa kwa mdomo, akaziba tundu kwa nta. Alipoibandua, pembe ilikuwa karibu tupu.

"Damu yako bahili kama mwenyewe," akasema.

"Ongeza pembe."

Akaongeza. Zile chale hazikupona. Zikaanza kunuka.

Hospitalini Kasulu, daktari, kijana sawa na kitinda mimba wangu, alitafuta mapigo kwenye mguu ule, akahamia mwingine, akarudi.

"Mzee, huu mguu una njaa ya damu. Na ninyi mmeunyonya."

"Wewe ulikuwa wapi tulipokuwa tunahangaika?"

Mke wangu akanifinya ninyamaze. Tukaandikiwa kwenda Mwanza.

Kule daktari alinionyesha picha. Damu ilikuwa imevujia ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe, ukuta ukavimba, njia ikazibwa. Nikamuuliza kwa nini asiuzibue tu, kama fundi anavyozibua bomba.

"Bomba ningelizibua, mzee wangu. Lakini nyama ya huku chini imeshakufa. Tukiirudishia damu sasa, sumu yake itakuua wewe mzima."

Walikata juu ya goti.

Sasa ni mwaka wa pili tangu wakate, na kigimbi cha kushoto nacho kimeanza kukaza. Daktari wa Kasulu amenipa vidonge vya kuzuia damu isigande, kaniambia niache sigara. Nimeacha, vidonge nameza. Nilimuuliza kama vitafungua mshipa. Akasema hapana, vinachelewesha tu. Mwanza nako wamepima, wamesema mishipa ya chini imeharibika yote, hakuna pa kuunganishia mshipa mwingine.

Bado natembea kwa magongo, lakini jana mke wangu aliita fundi apanue mlango wa choo, kiti cha magurudumu kipite. Nilikaa pale nikamwelekeza fundi, maana alikuwa anapima vibaya.