Kitovu cha Ndama wa Shuwari

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu Wingwi, kitovu kilikuwa mlango. Mtoto mchanga, mbuzi, ndama, wote walizaliwa na mlango huo wazi, na jicho la hasidi likipita hapohapo kuingia damuni. Ndivyo alivyotufundisha Bibi, mama yake baba, na Bibi hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Leo mimi ni daktari wa mifugo. Sina subira na wabahatishaji, wawe wa kilingeni au wa koti jeupe. Ndiyo maana kisa hiki hakiniachi.

Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja, Shuwari. Ndama wake wawili walikufa wachanga, na ng'ombe wetu wa kienyeji hakubali kukamuliwa asipomwona mwanawe. Bibi akaapa: akifa na wa tatu, Shuwari anakwenda kwa mchinjaji. Mimi nililia kama niliyeambiwa nitachinjwa mwenyewe.

Wa tatu akazaliwa asubuhi, jike, mwekundu. Bibi akaja mbio na kinga yake: kitambaa cha kaniki kilichochovywa katika majivu na mavi ya zizini. Akakifunga juu ya kitovu kibichi. "Jicho nimeshalifungia mlango," akasema. "Na lije sasa."

Likaja. Haikupita wiki, ndama akashindwa kusimama. Shuwari alimsukuma kwa pua, akalia. Nikamtia kidole mdomoni kama nilivyozoea. Hakukinyonya, na mdomo wenyewe ulikuwa wa baridi. Magoti yalimvimba kama madanzi.

"Jicho," akasema Bibi, akaketi palepale kwenye mavi. Sikuwahi kumwona ameketi hivyo.

Baba hakubishana naye. Alipanda baiskeli hadi Konde, akarudi na daktari wa mifugo. Bibi akamziba njia mlangoni mwa zizi.

"Sindano haitoi jicho, mwanangu."

"Shikamoo, Bi mkubwa. Jicho sikulijia mie. Nimemjia mgonjwa."

Bibi akampisha. Daktari akamfunua ndama kope, akamtazama fizi, akamshika masikio. Kisha akakifungua kile kitambaa. Harufu iliyotoka pale naikumbuka hadi leo. Kitovu kilikuwa kimejaa usaha.

"Ugonjwa umeingilia hapa," akasema. "Umeingia kwenye damu, na damu imeutembeza mwili mzima, mpaka magotini."

Bibi akainua kichwa. "Umeingilia wapi?"

"Kitovuni, Bi mkubwa."

"Ukenda wapi?"

"Damuni."

"Ah! Mmesikia?" Akatugeukia sote, macho yanang'aa. "Miaka yote nasema mie, mwanicheka! Kumbe na huko skuli mwafundishwa!"

Daktari hakucheka. "Twafundishwa. Ila kilichouingiza ni kitambaa hiki. Uchafu wa zizi umefungwa juu ya kidonda."

Bibi akakitazama kitambaa. "Basi jicho nimemfungia nalo ndani," akasema taratibu.

Daktari akampiga ndama sindano, akampitishia mpira mdomoni hadi tumboni, akammiminia maziwa ya mamake. Kitovu akakiosha, akakipaka ayodini. Hakutudanganya: "Wakishafika hapa, wengi hawarudi." Akawa anakuja kila siku na sindano yake, nasi tukambadilishia ndama magunia makavu asipate baridi. Bibi akaleta kombe, maji yaliyooshewa aya, kutoka kwa shehe, akauliza kama ni ruhusa. "Ruhusa," akasema daktari, "mradi lisiguse kitovu." Bibi akamnyunyizia masikioni tu, kwa adabu ya mwanafunzi.

Asubuhi moja nikatia kidole, kama kila siku. Kikavutwa. Nikapiga ukelele, Bibi akatoka na upande mmoja wa kanga, analia, anacheka, anamsifu Mola wake.

Ndama wote waliozaliwa baadaye, Bibi aliwapaka ayodini kitovuni kwa mkono wake, huku akisoma Falaq, sura ya kujikinga na hasidi.

Miaka baadaye, chuoni, nilitazama damu ya ndama kwa hadubini. Wenzangu wakachora vijidudu, wakaandika majina. Mie malaika ya mwili yalinisimama. Hicho hapo, kilichomwingilia ndama wetu, kidogo kuliko kijicho chochote. Na bibi mmoja wa Wingwi, asiyejua kusoma ila Kurani, alikuwa amenionyesha kinakopitia.

Hadi leo, kitovu kibichi kikiwa mkononi mwangu, mkono hunisisimka. Wala sijioni mjinga.