Binti alinyamaza kumwokoa kaka yake, sisi tukasema amekubali kuolewa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na sehemu ambayo mkosaji ni mimi.

Mimi ni mwanamke wa Kibajuni. Nimekulia Mombasa kwa sababu ya vita vya Somalia, baadaye nikarudi Kismayo, nina duka la mitumba. Kaka yangu Shee anaishi kisiwani Chula na mkewe Zuhura. Shee ni fundi wa mashine za boti. Wana watoto wawili tu: Athumani, kijana wa miaka ishirini na moja, na Maimuna, kumi na sita.

Athumani aliondoka mwaka jana. Tahriib. Kwa asiyejua, ndiyo ile safari ya kwenda Ulaya kwa njia za panya, Sudan, Libya, halafu bahari.

Voice note yake ya mwisho ilikuja kwenye simu ya mama yake. "Mama, tunaingia majini, niombeeni." Basi. Kuanzia hapo hapatikani.

Kule Chula mtandao ni wa shida, kwao unashika ufukweni tu, upande unaotazama bara. Zuhura akawa anateremka pale kila asubuhi na kila alasiri, kaishika simu juu kama anamwonyesha mtu.

Sasa nije kwa Maimuna.

Huyu alisoma miaka kadhaa kambi ya wakimbizi kule Kenya, Kiingereza anakijua kuliko ukoo mzima. Anapenda vitabu kupita kiasi. Kwenye mzigo wangu wa mitumba kuna siku liliingia boksi la novel za vijana, zile zinazochukua hadithi za kale za Kizungu, za wafalme na wachawi, wakazisimulia upya na wasichana wa siku hizi, shule, simu, mapenzi kidogo. Nikachagua nne kwa kuangalia jalada, nikampa nahodha wa boti ya Chula ampelekee.

Sikufungua hata kimoja. Hilo mlikumbuke.

Kama wiki tatu hivi baada ya ile voice note, Maimuna akaacha kusema.

Si kwamba alinuna. Aliacha. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda, anapika, anaswali. Neno halimtoki. Hatikisi kichwa, haandiki, hakuonyeshi hata kwa kidole. Mama yake alimpiga, kisha akalia, kisha akamwomba msamaha. Kimya.

Watu wakasema kapagawa. Akasomewa, akapewa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, anywe, akafukizwa. Wengine wakasema huyo dawa yake ni mume.

Na mume akatokea. Mfanyabiashara wa Kismayo, wa makamo, mke wa kwanza alikufa. Sitamsema vibaya, hakuwa mtu mbaya.

Shee akateremka ufukweni akanipigia, akaniambia nije, ndoa ni Ijumaa. Nikamuuliza kama mtoto kaulizwa.

"Kaulizwa," akasema. "Kanyamaza. Na mwari akinyamaza, si ndiyo karidhika?"

Wakuu, ni kweli kwetu mwari akiulizwa akanyamaza kwa haya, huhesabiwa amekubali. Lakini huyu alikuwa hajasema neno zaidi ya miezi miwili. Ungemuuliza kama tumtupe baharini, angenyamaza vilevile.

Nilifunga duka Jumatano, nikapanda boti.

Maimuna nilimkuta amekonda, mifupa ya shingo inaonekana. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia, na sauti haikutoka. Nikalala chumba chake. Alhamisi asubuhi nikatandika godoro, chini yake nikakuta kimoja kati ya vile vitabu nilivyomletea mimi.

Ndani ya jalada alikuwa kachora vistari kwa biro, vidogo vidogo, safu baada ya safu. Nikahesabu. Sitini na nane.

Nikakaa nikakisoma. Kiingereza changu cha kuungaunga lakini nilielewa. Ni hadithi ya msichana ambaye kaka zake wamerogwa wakawa ndege, wanaruka juu ya bahari hawana pa kutua. Njia ya kuwarudisha ni moja. Asitoe neno, asiandike, asiashirie, mpaka warudi. Akitoa neno moja tu, wanaanguka majini.

Nilipofika pale msichana anapoozwa kwa sababu hawezi kusema hapana, nikakifunga.

Nikamfuata jikoni, nikamwambia nimekisoma. Nikamweleza kuwa hiyo ni stori tu, mtu kaketi mahali akaitunga, kaka yako hayuko kwenye kitabu. Alinitazama machozi yanamtiririka, akaendelea kukuna nazi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jini angalau tungemsomea. Huyu alikuwa na akili zake timamu, na alikuwa tayari kuolewa na mtu asiyemtaka ili Athumani asianguke.

Nilimweleza Shee. Akasema, "Kitabu hakimfungi mchu mdomo." Mchu ndiyo mtu kwa Kibajuni chetu. Nilimwona hana hasira. Alikuwa na woga. Mmoja hajulikani aliko, wa pili hasemi, na yeye alitaka angalau mmoja awe mahali salama.

Ijumaa baada ya Alasiri wanaume wakakaa barazani. Shekhe akaja mlangoni mwa chumba, pazia katikati yetu, mimi na Zuhura tumekaa na Maimuna huku na huku. Shekhe akamtaja bwana kwa jina, akauliza kama ameridhika baba yake amuoze.

Kimya.

Akauliza tena, polepole, kama mtu asiyependa anachokisikia.

Kimya. Nje nikasikia mtu anasema kwa furaha, "Basi, karidhika."

Nikamwinamia Maimuna sikioni. Wakuu, sikupanga. Nilimwambia, "Athumani kanipigia Kismayo kabla sijaja. Yuko hai, kavuka. Nadhiri yako imekwisha."

Alinigeukia. Midomo ikacheza mara mbili bila kitu. Halafu ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza, kama si yake.

"Sitaki."

Shekhe akamwambia arudie.

"Sitaki, shekhe. Sikuridhika."

Shekhe akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani kwamba hapa hapana ndoa. Akaenda zake kuvaa viatu. Yule bwana, nimpe haki yake, alitoa salamu vizuri akaondoka.

Lakini Zuhura alikuwa kanisikia nilichonong'ona. Alinishika mabega. "Kweli kapiga? Kweli mwanangu kapiga?"

Shee naye alikuwa kaingia, analia kwa kusikia sauti ya binti yake. Wote watatu wananitazama mimi.

Nikasema ndiyo.

Wakuu, siku nne nilizobaki pale sitaki kuzikumbuka. Zuhura alipika mikate ya sinia akagawa kwa majirani. Watu wanakuja kupongeza. Wananiuliza sauti yake ilikuwaje, anakula, kapata kazi, mbona hampigii mama yake. Mimi najibu. Kila jibu linazaa jingine. Nilisema simu ni ya kuazima, nilisema ana mafua, nikampa mpaka mji anaokaa.

Nikarudi Kismayo, na huko ikawa mbaya zaidi. Simu ikilia dukani naiacha ilie mpaka ikate. Niliogopa ni habari kwamba kafa, na watajua nilidanganya. Halafu nikaogopa zaidi kwamba yule mtoto atahesabu siku, aone kaka yake kaanguka siku ile ile aliyofungua mdomo.

Nikakaa na jambo hilo karibu mwezi. Nikashindwa, nikapanda boti tena.

Nilianza na Maimuna. Nikamwambia yote. Hakushtuka.

"Nilijua, shangazi," akasema. "Athumani angempigia mama kwanza."

Nikamuuliza, kama alijua, mbona alisema.

Akanijibu, "Nilimwogopa yule bwana kuliko nilivyomwogopea Athumani. Kwa muda ule tu." Halafu akaniuliza, "Sasa akiwa ameanguka, ni mimi?"

Nilimwambia hapana. Nikamwambia tena na tena. Baadaye nilimwomba shekhe amwambie na yeye, akamweleza kuwa nadhiri ya kunyamaza haimo katika dini yetu, na ajali ya mtu, siku yake aliyoandikiwa, haikai mdomoni mwa dada yake. Alisikiliza kwa adabu. Sijui kama aliamini.

Shee alipoambiwa alitoka, hakusema nami mpaka kesho yake.

Zuhura ndiye aliyenimaliza. Alinisikiliza hadi mwisho, akatengeneza leso yake, akasema, "Usiwaambie wachu bado. Niachie siku chache."

Sasa Maimuna niko naye Kismayo. Baba yake mwenyewe ndiye aliyenikabidhi. Asubuhi anasoma, mchana ananisaidia dukani, na wateja wanampenda kwa maneno yake mengi. Simu ikilia tu, hukatisha sentensi katikati mpaka nimwambie ni nani.

Mpaka naandika hapa, Athumani hajapiga.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akinyamaza, tafuteni kwanza kwa nini kanyamaza, kabla hamjamjazia jibu mnalolitaka nyinyi. Na mkimpa mtoto kitabu, kisomeni. Sisemi mumnyime, Maimuna bado anasoma novel zile zile, ila siku hizi tunasoma pamoja na tunabishana.

Kuhusu ule uongo, mpaka leo sijui. Nikirudishwa nyuma ya lile pazia, nadhani ningeusema tena.

Mwenye ndugu aliyepotea njia ile akaja kusikika baada ya muda mrefu, naomba aseme hapa ilichukua muda gani. Na ambaye hakusikika tena, naye aseme. Mchana huu nitazisoma comments na Maimuna yuko pembeni yangu, kaomba mwenyewe.