Kaka Kaniunguzia Mota ya Kindege

Nina hasira kweli.

Kindege changu cha umeme, cha kurusha kwa rimoti, nilikichagulia kila kitu: mota ya kasi, betri nyepesi, propela ndogo. Mota ya kasi ukiifungia propela kubwa inaelemewa, inaungua.

Leo natoka kanisani namkuta kaka yangu, fundi feni hapa Same, keshafunga propela kubwa.

"Kubwa ndiyo yenye upepo," anasema.

Jamani, hiki ni kindege, siyo feni!

Sijamaliza kumkataza, akawasha. Moshi! Mota kwisha.

Unadhani kasema pole? Wapi! "Hiyo betri si huna kazi nayo tena? Nipe nifungie taa za bodaboda."

Nimeificha.

Mama eti mimi mchoyo.

Semeni ukweli, mchoyo ni mimi?