Mashuka ya Kijivu

Mama mkubwa alikuwa dobi wa zahanati, na mdomo wake haukuwa na breki. Mama yangu, ambaye ni mdogo wake, ndiye aliyempikia sabuni. Walielewana vizuri, maana mmoja alikuwa msemaji na mwingine msikilizaji.

Zahanati ikachimba kisima. Maji yakawa tele, mtaa mzima tukahamia bomba lake, na mashuka ya wagonjwa yakaanza kutoka ya kijivu. Mama mkubwa akaongeza sabuni. Yakazidi ukijivu, tena yakakakamaa. Msimamizi akamwambia wazi kwamba yakiendelea hivyo atatafuta dobi mwingine. Mama mkubwa akaja kwetu moja kwa moja, akasimama uani, majirani wakisikia.

"Mdogo wangu, sabuni yako imekufa. Haitoi povu kabisa. Siku hizi unapika huku umelala?"

Mama akarudi jikoni. Akapika upya, akipima mafuta na magadi makali kama anayepima dawa ya mtoto mchanga. Akaijaribu hapo hapo nyumbani. Povu hakuna. Basi akaacha kupika, na kuongea pia akaacha. Sisi tukasema amenuna, na kwa kweli alikuwa na haki.

Kisha pampu ya kisima ikaharibika. Mvua ikanyesha, Mama mkubwa akakinga maji ya paa, akafulia sabuni ile ile iliyokufa. Povu likafurika mpaka kwenye ndala zake.

Sabuni haina makuu. Upande mmoja hushika mafuta na uchafu, upande wa pili hushika maji, ukisuuza vyote vinaondoka pamoja. Ila maji ya kisima kile yalijaa chokaa ya mawe. Chokaa huidaka sabuni kabla haijaufikia uchafu, na viwili hivyo hugeuka utando unaong'ang'ania nguo. Kwa hiyo Mama mkubwa alikuwa akiyachafua mashuka, tena kwa bidii.

Alikuja mikono ikiwa bado imelowa. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuomba radhi hata alipomkanyaga mtu.

"Sabuni yako nzima," alisema. "Ni maji. Nisamehe, mdogo wangu."

"Una hakika, dada?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Mama akajifunika uso kwa mtandio, akalia. "Nilidhani nimeanza kusahau vipimo. Nilidhani naanza kama alivyoanza marehemu mama."

Kumbe hakununa hata siku moja. Alikuwa anaogopa, na sisi tulikuwa tukimpisha ili hasira zimwishe.